Maswali ya Wasomaji: Kumwandikisha mtoto darasa la jimnastiki

Barua za msimu huu kutoka Unguja na Pemba zimefanana sana. Mtoto anapinduka juu ya makochi tangu asubuhi, anasimama kichwa chini ukutani, na mzazi anataka kumtafutia darasa la jimnastiki la kujifurahisha na kujenga mwili, bila habari za mashindano. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Majina tumeyaacha.

Assalamu alaykum. Binti yangu ana miaka minne na nusu. Karibu na kwetu limefunguliwa darasa la jimnastiki na mwalimu anapokea watoto kuanzia miaka mitatu. Si mapema mno? Na nikienda kumwandikisha niangalie nini? Mimi mchezo huu siujui kabisa. — Mama, Kiembesamaki

Waalaykum salaam, mama. Si mapema, lakini ujue unalipia kitu gani. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hafundishwi samasoti. Anafundishwa kuruka kwa miguu miwili na kutua bila kuanguka, kutembea kwa mikono na miguu kama kaa, kuning'inia kwenye chuma kwa sekunde chache, kulala chali na kubiringika ubavu kwa ubavu, na kungoja zamu yake. Mwalimu anayekuahidi kwamba baada ya mwezi mtoto wa umri huo atapiga msamba au atageuka hewani, usimpe mwanao. Mara moja kwa wiki, dakika 45, inatosha. Ukimweka saa moja na nusu utamchukua akiwa analia.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, omba ukae uangalie somo zima. Ukiambiwa wazazi hawaruhusiwi kuangalia hata siku moja, rudi nyumbani.

Ukishakaa, hesabu watoto na walimu. Kwa miaka mitatu hadi mitano, mwalimu mmoja asiwe na watoto zaidi ya sita. Kwa miaka sita hadi minane, wanane. Kuanzia hapo, kumi au kumi na wawili. Hivi ndivyo vipimo tunavyovishikilia sisi, kwa sababu mwalimu aliyeinama kumshika mtoto mmoja kwenye boriti (mti mwembamba wa kutembelea juu yake) hawezi kumuona wa kumi na tano anayepanda juu ya kasha nyuma yake.

Halafu tazama chini, kwa sababu kumbi zetu nyingi zina sakafu ya saruji au marumaru. Magodoro ya mazoezi ya kubiringikia yawe magumu kiasi, unene wa kama sentimita 5. Bonyeza kwa ngumi kwa nguvu: ukiisikia sakafu, godoro limechoka. Pahala pa kutua baada ya kuruka kutoka juu panataka godoro nene zaidi, la sentimita 20 au 30. Lakini nene na laini halifai kwa kila kitu. Mtoto akikimbia au akibiringika juu ya godoro linalozama, kifundo cha mguu kinapinduka na shingo inakunjika. Ndiyo maana godoro la kulalia la sponji, ambalo wengi wanalitumia, ni hatari kuliko linavyoonekana: mwili unazama, na likiwekwa juu ya marumaru linateleza mtoto akiwa juu yake. Angalia pia viungio. Magodoro mawili yaliyoachana vidole vitatu yanameza mguu mzima wa mtoto. Yafungane kwa kamba za kunata, na mwalimu ayasogeze pamoja kila baada ya muda, maana hayakai. Na yanuse. Kwa unyevu wetu, hasa wakati wa masika, godoro lisilofutwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa linaota uvundo, na choa inahama kutoka mtoto hadi mtoto.

Kitu cha tatu ni foleni. Chagua mtoto mmoja, mtazame yeye peke yake kwa dakika 10, uhesabu amefanya zamu ngapi. Akiwa amefanya mbili na muda wote uliobaki amekaa kitako, darasa hilo halijapangwa. Mwalimu anayejua kazi hugawa ukumbi vituo vinne au vitano: hapa kamba ya kuruka, pale boriti iliyolazwa chini, pale chuma cha kuning'inia, na yeye mwenyewe anasimama kwenye kituo chenye hatari kubwa zaidi.

Boriti za mashindano zina upana wa sentimita 10, urefu wa mita 5, na zinasimama mita 1.25 kutoka chini. Kwa mwanao hata ubao uliolazwa sakafuni unatosha mwaka mzima. Ukiona watoto wa miaka minne wamepandishwa juu ya boriti ya kimo cha kifua cha mtu mzima, mwalimu anawaonesha wazazi, hafundishi.

Msikilize anavyosema na anavyoshika. Kumshika mtoto kumezoeleka katika mchezo huu na hakuna ubaya, ila kuna pahala pake: mgongoni juu, kiunoni pembeni, nyuma ya paja. Mwalimu mzuri humwambia mtoto kabla, "nitakushika hapa." Mtoto mdogo asivutwe kwa mkono mmoja wala asirushwe juu kwa viganja, kwa sababu chini ya miaka mitano kiwiko kinateguka kwa urahisi sana.

Muulize kajifunzia wapi kufundisha watoto, maana kuwa hodari wa kuruka ni jambo jengine. Muulize mtoto akianguka kwa shingo atafanya nini. Jibu sahihi ni kwamba hamnyanyui, hamkalishi, anamwambia atulie, anashika kichwa kisitikisike, na anaita msaada. Akijibu "namnyanyua nampa maji," hajafunzwa. Muulize gari iko wapi na hospitali watakayokwenda ni ipi. Na fomu ya kujiandikisha ikiuliza jina na nambari ya simu tu, andika karatasi yako mwenyewe uiambatishe: pumu, kifafa, selimundu, mzio, mfupa uliowahi kuvunjika, na watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Mwenye pumu abebe pampu yake na mwalimu ajue inakaa mkoba gani. Mwenye selimundu asikimbizwe mpaka akahema, anywe maji kila baada ya dakika 15, na apumzike akisema amechoka bila kubembelezwa aendelee.

Kuhusu ada, omba siku moja ya majaribio kabla ya kulipa mwezi. Ukiambiwa lazima ulipe mwaka mzima mbele, kataa kwa upole. Watoto wengi wa umri huu hubadilisha mawazo kabla ya miezi mitatu, na hilo halina kosa.

Nimemwandikisha mwanangu wa miaka mitano, lakini akifika mlangoni analia na kunishika baibui. Nimuache? — Mama, Mkoani

Mpe masomo manne. Mfikishe dakika 15 mapema ukumbi ukiwa mtupu, azoee magodoro kabla ya kelele. Siku ya kwanza kaa naye ukingoni, siku ya pili kaa kwenye kiti cha ukutani, siku ya tatu mlangoni. Usitoroke akigeuka, kwani mtoto aliyetorokwa mara moja hatageuka tena, atakuangalia wewe somo zima. Akiwa bado analia siku ya tano, acha, umjaribu tena baada ya miezi sita. Na akikuambia kuna mtu anamuogopa pale, hiyo si barua ya kilio tena. Soma jibu la Wete hapa chini.

Binti yangu ana miaka kumi na anapenda sana jimnastiki. Mambo mawili yananizuia. Kwanza nguo, maana za kwenye televisheni hazivaliki kwetu. Pili, wazee wanasema kupiga msamba kunamtoa msichana bikira. Na hata nikiridhika na hayo, nitajuaje kama yuko salama na walimu? — Mama, Wete

Mama, nguo ndilo jepesi. Hata kwenye mashindano ya dunia kanuni zinaruhusu vazi linalofunika mikono na miguu yote, na timu ya wanawake ya Ujerumani ilivaa la kufunika miguu yote katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Kwenye darasa la kujifurahisha, binti avae taiti nzito nyeusi na fulana ya mikono mirefu inayofika mapajani, ichomekwe ndani au ifungwe kiunoni. Isiwe ya kupwaya. Fulana pana ikianguka usoni mtoto akiwa kichwa chini haoni anapotua, na mwalimu haoni magoti yake yamekaa vipi. Kichwani avae hijabu ya michezo ya kushonwa, inayovutwa tu bila pini hata moja. Nywele zisukwe chini. Kifundo cha nywele utosini kinamfanya abiringikie juu ya donge na shingo ndiyo inayolipia. Miguu iwe mitupu, soksi zinateleza.

Bangili, vipuli na mikufu vibaki nyumbani. Tunasema na hili kwa heshima: hirizi ya uzi shingoni na shanga za kiunoni nazo zivuliwe kabla ya somo. Uzi unaonasa kwenye chuma cha kuning'inia unaweza kumkaba mtoto, na shanga zinachoma mgongo kila anapobiringika.

Kuhusu bikira. Kizinda si ngozi iliyofunga njia. Ni utando mwembamba unaonyumbuka ulio pembezoni, na umbo lake linatofautiana toka msichana hadi msichana tangu kuzaliwa. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kama msichana amewahi kuingiliwa au la, na yakataka upimaji huo ukomeshwe. Hivyo heshima ya binti yako haipotei kwa msamba, wala kwa baiskeli. Waelezeni wazee hivyo, kwa utulivu, na ikiwa watapenda kusikia kwa mtaalamu, nendeni nao kwa daktari wa kike.

Msamba wenyewe una hatari yake nyengine ambayo haizungumzwi. Ufanywe mwili ukiwa na joto, baada ya dakika 10 za kukimbia na kuruka. Aanze kwa goti moja chini na mguu mmoja mbele, akae sekunde 30, abadilishe, mara mbili au tatu kila upande. Ashuke kwa uzito wake mwenyewe. Mvuto katikati ya msuli ni wa kawaida. Maumivu makali kwenye mfupa wa makalio anaokalia, au mbele ya nyonga, ni alama ya kusimama papo hapo, kwa sababu katika umri wa kukua msuli unaweza kuung'oa ukingo wa mfupa ulipojishika. Mwalimu anayemkalia mtoto mgongoni au kumkandamiza mabega mpaka alie ili "afungue nyonga" anaumiza, wala hatuna lugha laini ya kulisema hilo.

Sasa usalama. Mchezo huu umepata msiba mkubwa. Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, alihukumiwa kifungo mwaka 2018 baada ya mamia ya wasichana kueleza alivyowadhalilisha, wengine mzazi akiwa chumba hicho hicho, kwa kisingizio cha matibabu. Kwa hivyo kuwepo kwako peke yake hakutoshi, lazima uweke kanuni. Darasa la wasichana wa umri wa binti yako liwe na mwalimu wa kike. Hakuna mtoto kubaki na mwalimu mmoja peke yake, si ukumbini, si chumba cha kubadilishia nguo, si kwenye gari. Hakuna kukandwa misuli wala "kutibiwa" na mwalimu. Ujumbe wa simu uende kwa mzazi, usiende kwa mtoto. Picha zisipigwe wala kusambazwa bila ruhusa yako.

Mfundishe binti sentensi moja: "Mwalimu, hapo sitaki kushikwa." Halafu mwangalie mwalimu anavyoipokea. Akikuambia jambo lililomtia hofu, mwamini kwanza, usimhoji mara kumi. Simu ya bure ya watoto ni 116, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nambari 6 ya 2011, iko upande wake. Nenda polisi na hospitali, wala jambo hilo lisimalizwe kwa suluhu za kifamilia.

Kijana wangu wa miaka tisa anashinda pwani na wakubwa wake wanaopiga sarakasi kwa tairi. Sasa ameanza samasoti ya nyuma. Darasa hakuna huku kwetu. Nimkataze au nimuache? — Baba, Nungwi

Baba, ukimkataza tu atakwenda wewe usipokuwepo. Hali halisi ya lile tairi ni hii. Limefukiwa nusu mchangani, na mpira wake unarusha tofauti kila sehemu: ukikanyaga katikati unakwenda juu, ukikanyaga ukingo unarushwa pembeni. Mtu mzima mwenye miguu mizito na uzoefu wa miaka anajua kujisahihisha hewani. Mtoto wa miaka tisa bado. Samasoti ya nyuma ikikatika nusu njia, kinachofika chini kwanza ni kichwa. Kwa hivyo samasoti ya tairi isimame, leo. Si adhabu, ni mpangilio, na umwambie atairudia akishaweza mambo yanayofuata.

Aweze kuruka juu palepale mara kumi na kutua kila mara bila kusogea hata hatua. Miguu upana wa nyonga, magoti yakunjike juu ya vidole yasiingie ndani, mikono mbele. Huu ndio msingi wote, na ndio unaorukwa na kila mtoto mwenye haraka. Aweze kulala chali, mgongo wa chini umegusa chini, miguu na mabega vimenyanyuka kidogo, akae sekunde 30. Aweze kusimama kwa mikono tumbo likitazama ukuta, sekunde 30, bila kiuno kubonyea. Anapanda ukuta kwa miguu taratibu na kushuka taratibu vilevile. Na aweze kubiringika mbele na nyuma bila kichwa kubeba uzito.

Hilo la kubiringika tulieleze, maana ndiyo kazi ya kwanza ya kila darasa na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mtoto achutame, aweke viganja vyote chini upana wa mabega, vidole vikitazama mbele. Kidevu kiguse kifua. Mpe kitambaa akibane kwa kidevu na kisidondoke. Anyanyue makalio juu kuliko kichwa, kisha ajisukume kwa miguu. Kinachogusa chini ni nyuma ya mabega, utosi unapita bila kugusa. Wengi wanakosea pahala pamoja: makalio hayakunyanyuka vya kutosha, basi mtoto anasukuma na utosi ndio unaokuwa mguu wake. Dawa ni mteremko. Tandika godoro juu ya ubao ulioinuliwa upande mmoja kama sentimita 30, aanzie juu ashukie chini. Mteremko unamsaidia kugeuka kabla uzito haujafika shingoni. Akiinuka asiweke mikono chini nyuma, anyooshe mikono mbele asimame. Siku atakapoinuka bila mikono ndiyo siku amejua.

Kubiringika nyuma ni kugumu zaidi kwa shingo, na mikono lazima ifike masikioni, viganja juu, kabla kichwa hakijagusa chini. Asifanye peke yake mpaka mikono yake iweze kumsukuma.

Mfundishe na kuanguka. Watoto wengi wa jimnastiki wanaovunjika, wanavunjika mkono, kwa kuunyoosha nyuma kujizuia. Aanze amechutama: mikono ikunjwe kifuani, kidevu kifuani, aangukie makalio na kubiringika mgongoni. Mara kumi kabla ya kila zoezi, mpaka mwili ufanye wenyewe.

Pwani yenyewe ni pazuri kwa mambo ya chini: kubiringika, kuruka kichura, gurudumu (kupinduka ubavu) juu ya mstari uliochorwa kwa kidole, mkono, mkono, mguu, mguu. Chagueni mchanga mkavu wa juu, na kwanza upitishwe mkono kutafuta chupa na mawe. Mchanga ulioloa, maji yakishatoka, unaonekana mzuri kwa sababu umesawazika, ila ni mgumu mno kwa kutua.

Na tahadhari moja zaidi, maana watoto wa rika hili wanawaiga wale wapiga makachu wa Forodhani, vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4. Pahala palipokuwa na kina asubuhi, saa sita mchana ni mwamba. Asiruke kichwa mbele popote ambapo mtu mzima hajaingia kwanza kwa miguu kupima.

Wale vijana wakubwa usigombane nao. Kaa nao, waombe wamfundishe mambo ya chini na wamzuie yale ya juu. Mara nyingi wakiombwa kwa heshima wanakuwa walinzi wazuri kuliko sisi. Skuli nayo isisahauliwe: walimu wanaowafundisha watoto halaiki za sherehe za Mapinduzi wanajua mambo mengi ya kupanga na kubebana salama, na wazazi watano wakienda pamoja kwa mwalimu mkuu kuomba saa moja ya mazoezi kwa wiki, mara nyingi wanasikilizwa.

Wajukuu zangu wawili wanataka kuingia jimnastiki. Nimesikia inadumaza, hawarefuki. — Bibi, Makunduchi

Bibi yetu, shikamoo. Haidumazi. Mabingwa unaowaona ni wafupi kwa sababu mwili mfupi unageuka hewani kwa urahisi, basi wafupi ndio wanaobaki mpaka juu. Simone Biles wa Marekani ana kimo cha mita 1.42, na hakufupishwa na mazoezi. Kinachodumaza mtoto ni kukosa chakula cha kutosha, na huko ndiko ilikotokea hofu, kwa wasichana wa mashindano waliofanyishwa kazi saa nyingi huku wakinyimwa kula. Saa moja au mbili kwa wiki na sahani ya samaki na maharage, bibi, waache waende.

Mwanangu anasoma skuli mkondo wa mchana na asubuhi yuko chuo cha Kurani. Jimnastiki itaingia wapi? Na Ramadhani je? — Mama, Mwanakwerekwe

Vyuo vingi hupumzika Alkhamisi na Ijumaa, basi asubuhi hizo, au Jumamosi na Jumapili, ndizo za kuomba. Mwalimu mwenye busara ataweka darasa saa mbili asubuhi au baada ya alasiri, hasa miezi ya kaskazi, maana kumbi za bati zinachemka adhuhuri. Kula kuwe saa mbili kabla: boflo, ndizi, chai isiyo na maziwa mengi. Urojo na bajia nusu saa kabla ya kubiringika vinarudi vilivyokwenda. Maji anywe kidogo kidogo.

Ramadhani, mtoto anayefunga asifanye mazoezi mazito mchana. Darasa lihamie baada ya tarawehe kwa dakika 40, au libaki la kunyoosha viungo tu, au lifungwe na ada isilipwe. Liulizwe hilo mapema, siku ya kuandikisha, kwa sababu ugomvi mwingi wa ada unaanzia hapo. Akitahiriwa likizo, asirudi mpaka aliyemtahiri amemuona na kuridhika. Kidonda kinaonekana kimefunga ndani ya wiki mbili au tatu, lakini kupona kamili kunaweza kuchukua wiki sita, na msamba unavuta pale pale.

Ndugu yangu wa Ulaya ametuletea trampolini kubwa. Inaweza kuchukua nafasi ya darasa? — Baba, Fuoni

Haiwezi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri trampolini zisitumike nyumbani kabisa, na walio chini ya miaka sita wasipande. Ikiwa itatumika, mtoto mmoja tu kwa wakati, hakuna kugeuka, springi zote zifunikwe, mtu mzima asimame karibu. Wawili wakiruka pamoja, mzito anamrusha mwepesi kwa nguvu ambayo miguu yake haiwezi kuipokea, na mwepesi ndiye anayevunjika. Sikukuu, watoto kumi watakapojaa juu yake, ifungeni kwa kamba.

Mtoto wangu wa miaka saba ana hali ya Down. Ni mchangamfu na anapenda kuruka. Wanasema jimnastiki ni hatari kwake. — Mama, Chake Chake

Si marufuku, mama. Michezo ya Special Olympics, ya watu wenye ulemavu wa akili, ina jimnastiki na wenye hali ya Down wanashiriki. Ila kuna ukaguzi mmoja ambao hauachwi. Baadhi ya watoto hawa wana kano legevu kati ya mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo, na shingo ikikunjwa kwa nguvu mifupa hiyo inaweza kuubana uti wa mgongo. Kabla ya somo la kwanza daktari ampime shingo, nguvu za mikono na miguu, mwendo na mwitiko wa viungo. Picha ya eksirei peke yake haitoshi, na eksirei iliyokuwa safi haikuondolei kazi ya kumuangalia kila siku. Alama za kumsimamisha na kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo ni shingo kuuma au kichwa kukaa upande, kuanza kujikwaa wakati zamani hakujikwaa, mikono kulegea, au kuanza kujikojolea baada ya kuwa ameshaacha.

Mpaka daktari aandike ruhusa: hakuna kubiringika, hakuna kusimama kwa kichwa, hakuna trampolini. Boriti ya chini, kuruka kutoka kimo cha kiganja, kuning'inia, kamba na ngoma vyote ni vyake. Mwalimu amuoneshe kwa vitendo badala ya maneno mengi, jambo moja kwa wakati, na mpango wa vituo usibadilishwe kila wiki.

Binti wa miaka kumi na moja, darasani mwaka sasa. Visigino vinamuuma akiruka, na siku hizi viganja pia. Mwalimu anasema ni uvivu. — Baba, Jang'ombe

Si uvivu. Kati ya miaka minane na kumi na minne mfupa wa kisigino bado unakua, na kano inayotoka kwenye shavu la mguu inauvuta kila anaporuka. Bana kisigino pembeni kwa vidole viwili, kushoto na kulia. Akishtuka kwa maumivu, ndicho hicho. Apunguze kuruka wiki mbili au tatu, aweke barafu iliyofungwa kitambaa dakika 15 baada ya mazoezi, anyooshe shavu la mguu ukutani sekunde 30 mara tatu kila mguu asubuhi na jioni. Uliza pia anarukia wapi nyumbani. Mara nyingi jibu ni barazani, juu ya saruji.

Viganja ni jambo zito zaidi kidogo. Mkono haukuumbwa kubeba mwili, na ukingo unaokua wa mfupa wa mkono karibu na kiganja unachoka ukikandamizwa mara nyingi. Aache kusimama kwa mikono na magurudumu mpaka maumivu yaishe kabisa, huku akiendelea na miguu, tumbo na boriti. Akirudi aanze kwa mikono juu ya kitu kilichoinuka, kama kasha la kimo cha goti, uzito nusu tu. Maumivu yakizidi wiki mbili, au pakivimba, au yakimuamsha usiku, nendeni hospitali apigwe picha, na apewe barua. Mwalimu akiisoma barua hiyo na bado akaita uvivu, tafuteni mwalimu mwengine.